Mvuke Ulikuja Nakuru Mara Mbili

Token ziliisha saa tano usiku nikiwa katikati ya kuhariri video. Taa ikazima, simu ilikuwa asilimia nane, na kwa laini nilikuwa na shilingi kumi na nne. Nikakaa hapo gizani nikisikiliza fridge ikitulia polepole. Guka, ambaye siku hizi tunaishi naye hapa Section 58, akauliza kutoka chumba chake, "Makaa imeisha?"

Guka alifanya kazi reli. Kwake kitu chochote kikizima, hata intaneti, makaa imeisha. Na kinachochekesha ni kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuchoma makaa maisha yake yote, nitafika hapo. Lakini usiku huo jibu lake lilinikwama kichwani kwa sababu, ukifikiria vizuri, hakukosea. Stima iliyokuwa imezima ilitoka kwa mvuke. Treni yake ilitembea kwa mvuke. Ni kitu kimoja. Kilikuja huku kwetu mara ya kwanza kikiwa juu ya reli, mara ya pili kikitoka chini ya ardhi, na mara zote mbili kuna watu waliambiwa wahame.

Hebu tuanze mbali kidogo. Niliacha chuo mwaka wa pili, mambo ya karo, na nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo. Kitu kimoja tulifundishwa mapema ni kwamba maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yalikuwa nayo. Hapo ndipo siri yote iko. Ukiyanyima nafasi yatasukuma kitu. Thomas Newcomen, Mwingereza, alitumia mvuke mwaka 1712 kutengeneza pampu ya kutoa maji migodini. Ilikula makaa vibaya sana. James Watt akaja akasajili marekebisho yake mwaka 1769: badala ya kupoza mvuke ndani ya silinda ile ile inayotakiwa kuwa moto, aliupoza kwenye chombo cha pembeni. Ile hadithi ya Watt akiwa mtoto anaangalia birika la chai likichemka muisahau, ni ngano. Jamaa alikuwa fundi, aliletewa mashine mbovu arekebishe, akajiuliza mbona inapoteza joto hivyo. Ni kazi ya jua kali tu, kama ya wale wasee wa Kariba hapa.

1829 George Stephenson na mwanawe wakaonyesha treni yao Rocket, na baada ya hapo dunia haikulala tena.

Lakini haya yote nilisoma nikiwa nimekaa darasani ndani ya Bonde la Ufa, na hakuna siku hata moja mtu alinyoosha mkono dirishani akasema, mnaona pale? Pale ndipo mvuke ulipita.

Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896. Ikafika Nairobi 1899, Nairobi ikiwa ni kinamasi tu na mahali pa kuegesha vifaa. Kila mtu anajua habari ya simba wa Tsavo kwa sababu waliigizwa filamu. Sawa, simba walikuwa noma. Lakini wahandisi walichoogopa zaidi kilikuwa mbele, pale ukitoka Limuru unaona dunia imekatika ghafla na Longonot amekaa huko chini. Wale wanaopita hiyo barabara ya Mai Mahiu na matatu inayokimbia wanajua ile hisia ya tumbo.

Treni haiwezi kushuka kama matatu. Chuma juu ya chuma kinateleza. Kwa hivyo kabla ya reli ya kudumu kumalizika mwaka 1901, walitengeneza njia ya muda: waliteremsha mabehewa kwenye mteremko kwa kamba za chuma. Kwenye kipande kikali zaidi behewa liliwekwa juu ya jukwaa lenye magurudumu ili likae sawa, halafu uzito wa linaloshuka unavuta lile linalopanda upande wa pili. Hakuna injini hapo, ni uzito tu unafanya kazi. Wazia uko chini unangojea behewa limebeba vyuma vya reli, na kati yako na hilo behewa kuna kamba moja.

Mikono iliyojenga ilikuwa ya watu wengi, lakini zaidi ni wafanyakazi walioletwa kutoka India, karibu 32,000 kwa jumla. Kama 2,500 kati yao walikufa. Ukigawanya kwa urefu wa reli mpaka Kisumu, ambao ni zaidi ya kilomita 900, unapata zaidi ya watu wawili na nusu kwa kila kilomita. Nilifanya hiyo hesabu nikiwa kwa matatu kutoka Gilgil nikaacha kuangalia reli kwa dirisha.

Reli ikashuka bondeni, ikapita Naivasha, na mwaka 1900 ikafika mahali Wamaasai walipaita kwa jina la vumbi. Hiyo ndiyo Nakuru. Mwaka 1904 ikawa mji. Yaani sisi hatukuzaliwa na soko au jumba la mfalme kama miji mingine. Tulizaliwa na stesheni. Treni ilihitaji mahali pa kupata maji na kuni kabla ya kupanda Mau, na watu wakaanza kuuza vitu pale treni inaposimama. Ukiuliza kwa nini Nakuru watu wanapenda biashara, mimi nitakuambia tulianza tukiwa wauza vitu dirishani.

Na kuni nilizotaja si mchezo. Injini za mwanzo huku bara zilichoma kuni, na msitu wa asili haungeweza kulisha mdomo kama huo. Ndiyo maana mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ilileta miti kutoka Australia inayokua haraka ipandwe ya kuni za reli. Ni hiyo blugamu. Mti ambao cucu anakukataza kuupanda karibu na mto kwa sababu unakunywa maji yote ni mtoto wa treni. Hapo sikuwa najua kabisa.

Sasa, mambo ya pesa. Reli iligharimu Waingereza zaidi ya pauni milioni tano za wakati ule, na huko kwao wabunge walikuwa wanapiga kelele itarudisha pesa vipi. Treni isiyobeba mzigo ni hasara inayotembea. Kamishna Charles Eliot akaona jibu: leta walowezi wazungu walime kando ya reli, mazao yao yawe mzigo. Lord Delamere alipata ekari 100,000 pale Njoro mwaka 1903. Alijaribu kondoo, alijaribu ng'ombe, magonjwa yakampiga, akaenda kwa ngano, kutu ya ngano ikampiga pia, mpaka akalazimika kulipia utafiti wa mbegu. Njoro mpaka leo wanasayansi wa dunia nzima wanaleta ngano yao ijaribiwe na kutu yetu. Lakini hiyo ni posti nyingine.

Shida ilikuwa kwamba hiyo ardhi kando ya reli ilikuwa na wenyewe. Naivasha mpaka Nakuru ilikuwa malisho ya Wamaasai, na walikuwa ndio kwanza wanatoka kwenye ndui na sotoka iliyomaliza ng'ombe miaka ya 1890. Agosti 1904 wakawekewa makubaliano mbele yao. Olonana, yule tunamwita Lenana, na viongozi wengine wakaweka alama. Wamaasai waondoke bondeni, wengine waende Laikipia, wengine kusini. Waliahidiwa kwamba hayo makao mapya ni yao maadamu Wamaasai wapo duniani.

Maadamu Wamaasai wapo duniani ilikaa miaka saba. 1911 walowezi wakaitaka Laikipia nayo, makubaliano mapya yakaandikwa, na watu wapatao 10,000 pamoja na mifugo yao wakaswagwa kwenda kusini. Wamaasai hawakunyamaza. Kiongozi wao Parsaloi ole Gilisho alipinga, wakachukua mawakili, na kesi ya Ole Njogo na wenzake ikaingia mahakamani 1913. Fikiria, 1913, watu ambao vitabu vya shule vinawachora na mkuki pekee wanashtaki serikali ya kikoloni kwa karatasi. Mahakama ikasema haya ni mapatano kati ya dola na dola, kwa hivyo haina uwezo wa kuyaingilia. Wamaasai walikuwa dola siku ya kunyang'anywa tu. Siku zingine zote walikuwa watawaliwa.

Kuna kitu nilikigundua nikisoma haya mambo, nikaamka kabisa kwa kitanda. Tarehe 4 Julai 1904, mahali panaitwa Larderello, Italia, Prince Piero Ginori Conti alichukua mvuke unaotoka ardhini wenyewe, akauelekeza kwa injini ndogo, injini ikazungusha dainamo, na taa tano zikawaka. Tano tu, sebule yenu inaweza kuwa na zaidi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza duniani mtu kupata stima kutoka kwa mvuke wa ardhi.

Julai 1904. Makubaliano ya Wamaasai yalikuwa Agosti 1904.

Hawa watu wanaambiwa watoke Naivasha ili treni ipate mzigo, na mwezi mmoja hivi nyuma yake mtu Italia ameonyesha kwamba utajiri mkubwa wa Naivasha hauko kwa nyasi wala kwa ngano, uko chini, unachemka. Hakuna aliyekuwa kwa hiyo meza aliyejua. Serikali haikujua, Olonana hakujua. Wamaasai walijua tu mahali ardhi inapumua, kwa sababu walikuwa wanachunga hapo.

Turudi kwa Guka kidogo. Aliingia reli miaka ya 1960, kazi ya fayamani, karakana ya Nakuru. Wakati huo Nakuru ilikuwa njia panda ya maana: njia moja inaenda Kisumu, nyingine inapanda Timboroa kuelekea Eldoret na Uganda. Injini zilikuwa zile ndefu za Garratt, tangi la maji mbele, boila katikati, magurudumu huku na huku, zinazojikunja kwenye kona bila kuruka reli. Zile kubwa kabisa, daraja la 59, zilijengwa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikawa ndizo injini za mvuke zenye nguvu zaidi duniani kwenye reli ya upana wa mita moja. Moja iko pale makumbusho ya reli Nairobi, nenda usimame kando yake ujione ulivyo mdogo. Nyingi za hizo 59 zilikaa njia ya Mombasa, Nakuru tulipata ndugu zake wadogo.

Na hapa ndipo makaa ya Guka yanaisha. Wakati wake injini zilikuwa zinachoma mafuta mazito, si makaa wala kuni. Yeye hakupiga koleo. Kazi yake ilikuwa vali. Unafungua mafuta kidogo, unaangalia rangi ya moshi, unaangalia geji, unasikiliza. Moshi mweusi dereva anakufokea kwa sababu unapoteza mafuta. Mvuke ukitoka kwa vali ya usalama anakufokea zaidi, kwa sababu huo ni mvuke umeupika halafu umeutupa. "Mvuke ni pesa," dereva wake alikuwa anamwambia, na Guka naye akatuambia sisi watoto wote mpaka tukachoka. Mwisho wa miaka ya 1970 dizeli ikachukua kazi na mvuke ukaondoka kwa reli.

Kwa miaka michache tu. Mwaka 1981 ukarudi.

Olkaria ilijaribiwa mara ya kwanza 1956. Walichimba visima viwili, havikutoa kitu, wakaacha. Miaka ya 1970 wakarudi kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, mafuta ya dunia yakiwa yamepanda bei, na safari hii mvuke ukatoka. 1981 mtambo wa kwanza ukawashwa, megawati 15, na kufikia 1985 ikawa mitatu, megawati 45. Watu hupenda kusema tulikuwa wa kwanza Afrika. Si kweli kabisa. Kule Kiabukwa, Katanga, Kongo, kulikuwa na kamtambo ka maji moto tangu 1952. Kalikuwa kadogo sana, halafu kakazima. Tuseme sisi ndio wa kwanza kufanya kwa ukubwa, inatosha, tusiibie Wakongo na hii.

Vile inafanya kazi ni rahisi kuliko nilivyodhani. Wanachimba kisima, kingine kinafika kilomita tatu chini. Huko mawe yana joto kuliko jiko lolote, na maji yaliyoingia ardhini miaka na miaka yamekaa hapo yamebanwa. Ukiyafungulia yanapanda kwa kasi, mengine yanageuka mvuke njiani. Juu kuna chombo cha kutenganisha, mvuke unaenda kwa turbini, maji yanarudishwa ardhini. Turbini ni wazo la Charles Parsons la mwaka 1884: badala ya mvuke kusukuma pistoni mbele na nyuma, unapita katikati ya mapanga mengi yanazunguka. Ni Newcomen na Watt na Guka, ila boila imetengenezwa na Mungu na hakuna mtu wa kuwasha moto.

Leo jotoardhi ni zaidi ya megawati 900 Kenya, na inatoa takriban asilimia 40 ya stima ya nchi. Ukichaji simu Mombasa au Kakamega, sehemu kubwa ya hiyo chaji imetoka huku kwetu bondeni.

Na hiyo hesabu ilipanda sana mwaka 2014, mitambo mipya ya megawati 280 ilipoanza kuingia. Mwaka huo huo familia za Kimaasai zilizokuwa zinaishi Olkaria, vijiji vinne, zikahamishwa kupisha mtambo. Zikapelekwa mahali panaitwa RAPland. Ukisikia unadhani ni jina la Kimaasai, kumbe ni kifupi cha jina la mpango wa kuhamisha watu. Wamehamishwa mpaka wakaitwa kwa jina la faili.

Nataka kuwa mkweli hapa. Haikuwa 1904. Hakuna aliyeswagwa na askari wa kikoloni. Watu walijengewa nyumba za mawe, shule, zahanati, na kulikuwa na mikutano mingi. Lakini wengi walilalamika: ardhi ina makorongo, hati zinachelewa, mahali wanauzia watalii shanga pamekuwa mbali. Wakaandikia Benki ya Dunia, iliyokuwa mmoja wa waliotoa pesa, na jopo la ukaguzi la Benki likaona kwamba kuna taratibu za Benki yenyewe hazikufuatwa. Ikabidi upatanisho. Yaani safari hii karatasi ya Wamaasai ilisikizwa. Kutoka Ole Njogo mpaka hapo ni miaka mia moja.

Mimi sipingi mvuke. Msee ambaye kazi yake ni ring light na laptop hawezi kupinga stima. Lakini sipendi vile tunasimulia hii hadithi, kama zawadi. Treni ilikuja, mwangaza ukaja, tukapiga makofi. Mtu alilipa, na mara zote mbili ni mtu yule yule.

Kitu kingine kinanisumbua. Turbini za mwanzo za Olkaria zilitoka Mitsubishi, Japani. Za 2014, Toshiba. Garratt, Manchester. Miaka zaidi ya mia na bado chuma kinakuja kwa meli. Ila wachimbaji sasa ni wetu. KenGen wamepata kandarasi za kuchimba visima Ethiopia na Djibouti, wahandisi Wakenya wanaenda kufundisha wengine jinsi ya kutoboa ardhi. Na hapa juu ya mji, Menengai, ambako wazee wanasema moshi unaotoka ni roho za mashujaa wa Kimaasai walioangushwa kwenye kreta wakati wa vita, mtambo wa kwanza ulianza kutoa stima 2023, megawati 35. Inatoka huko nyuma ya London, London yetu ya Nakuru.

Wiki mbili baada ya ule usiku wa token nilimpeleka Guka Hell's Gate. Tulipanda matatu mpaka Naivasha, halafu nikamlipia gari dogo kwa sababu magoti yake hayako sawa. Kijana aliyetuongoza alikuwa Mmaasai wa hapo karibu, rika langu. Nikamuuliza nyumbani kwao wanatumia stima ya hapa. Akacheka, akaonyesha nguzo kubwa zinazopita juu ya kichwa chake. "Hiyo iko haraka, inaenda Nairobi. Sisi tuko na sola."

Tukafika mahali mabomba yanapita. Kisima kimoja kilikuwa kimefunguliwa kinajaribiwa, sauti yake huwezi kuongea, unasikia kwa kifua. Mvuke mweupe unapanda mpaka mawinguni. Mimi nilikuwa natoa simu nipige video. Guka alisimama akaegemea mkongojo, akaangalia muda mrefu, uso umekunjwa kama mtu anayesoma geji. Halafu akaniita nisogee, akanifokea sikioni.

"Wewe kijana, nani yuko kwa vali hapo? Mbona anauacha unapotea?"

Nilijaribu kumweleza kwamba ni majaribio. Hakusikia, au alijifanya hakusikia. Akamgeukia yule kijana Mmaasai na kumuuliza yeye.